Bunkula ya Romilda

Romilda wa nyumba ya Kovač alikuwa mama mkwe wangu. Kabla hajawa mama mkwe wa mtu, alikuwa msichana aliyewatia adabu wanaume wa kijiji chetu cha Zarob kwa kukaa tu kwenye kigoda. Nayasimulia haya kama nilivyoyasikia kwake mwenyewe, kwa Duri mumewe, na kwa majirani ambao kila mmoja anadai alikuwepo, hata wale ambao kwa umri wao wasingeweza kuwepo.

Baba yake, Valantin, alikuwa mnoa visu, kama wanaume wengi wa bonde la Rezija. Theluji ikiyeyuka alijitwika jiwe lake la kunolea akavuka milima kwenda nchi za watu: kwa Waslovenia upande wa mashariki, kwa Wajerumani wa Karintia kaskazini, kwa Wafriuli huko chini tambarare. Majani yakianguka alirudi na mkate wa mwaka, na pamoja na mkate alirudi na nyimbo. Baridi ikiingia, mnoa visu aligeuka mpiga bunkula.

Bunkula ni fidla kubwa ya nyuzi tatu. Mpigaji huiweka kati ya magoti, nayo hunguruma chini wakati fidla ndogo, citira, inalia juu. Mpigaji hukanyaga sakafu kwa mguu, du, du-du, na mguu huo si pambo. Bila mguu wachezaji hawajui waende wapi. Wanaume husimama safu moja, wanawake safu ya pili, wakatazamana bila kugusana, na bunkula ikishuka kwenye sauti nzito, safu hubadilishana upande.

Valantin alimwomba Mungu mtoto wa kiume wa kumrithisha bunkula. Mungu akampa Romilda, kisha akamchukua mkewe, kisha akanyamaza.

Romilda hakufundishwa na mtu. Baba yake akienda msituni kukata kuni, yeye aliibeba bunkula mpaka zizini, maana zizini kuna joto na ng'ombe hawasengenyi. Alirudia alichokisikia kwa masikio hadi vidole vikaota sugu. Siku moja Valantin alirudi mapema, kamba ya kuni bado iko begani, akamkuta.

"Weka chini."

"Namalizia, baba."

"Nimesema weka chini! Mwanamke gani anaketi na chombo kati ya magoti? Watu wakikuona watasema nini?"

"Ndoo ya maziwa naiweka kati ya magoti asubuhi na jioni, baba. Sijamwona mtu akija kuziba macho."

Valantin alimtazama ng'ombe kana kwamba anatafuta shahidi, akatoka. Lakini bunkula hakuifungia kabatini, na Romilda akahesabu kwamba amepewa ruhusa.

Ndipo serikali ya mafashisti, ile ya mashati meusi, ilipowachukua vijana wetu kwenda kupigana Uhabeshi. Bonde likabaki la wanawake, wazee na walemavu. Valantin naye kifua kilikuwa kimejaa vumbi la jiwe la kunolea. Akivuta upinde kwa wimbo mmoja, alikohoa muda wa nyimbo mbili. Kipindi cha pust kikakaribia, yale masiku ya kucheza na kuvaa vinyago kabla ya Kwaresima. Duri, fundi viatu na mpiga citira, ambaye jeshi lilimwacha kwa sababu ya mguu wake wa kulia uliopinda tangu utoto, akaja kugonga mlango.

"Mzee Valantin, nataka mtu wa bunkula."

"Mtu gani? Wote wako Afrika wanapigana na watu ambao hawakuwakosea kitu."

"Yupo mmoja. Namsikia kila nikipita na viatu. Yuko zizini kwako."

"Yule ni msichana, Duri."

"Na mimi kiwete. Tukichagua sana, mwaka huu watu watacheza kwa mlio wa mbwa."

Valantin akakohoa, na kikohozi kilipoisha alikuwa amechoka kukataa.

Kulikuwa na tatizo lingine, nalo lilivaa glavu. Bwana Bressan, mkuu aliyeletwa kutoka tambarare kutusimamia, alivaa glavu za kijivu kanisani, ofisini, hata akimenya karanga za msituni za kuchoma. Alikuwa ameshapiga marufuku lugha yetu dukani na shuleni. Sasa akabandika tangazo: hakuna vinyago, hakuna ngoma, hakuna vyombo vya muziki vya kigeni. Watu wakasoma, wakatazamana. Bunkula imezaliwa hapa. Yeye ndiye aliyekuja kwa basi.

Jumapili ya pust ilipofika, baada ya chakula cha mchana, jiko kubwa la nyumba ya jirani yao Pasqua lilijaa. Wanawake walivaa magauni meupe na kofia ndefu za maua ya karatasi. Duri aliketi na citira yake. Romilda akaja na bunkula ya babu wa baba yake, akavuta kigoda, akaketi, akaiweka mahali pake. Wakati huo Mikel wa nyumba ya juu, mzee mwenye mdomo usio na mlango, akasema kwa sauti:

"Haya jamani, leo tunacheza ngoma ya maziwa!"

"Wewe Mikel," Romilda akamjibu huku akikaza uzi, "maziwa umeyanywa toka uzaliwe na kucheza bado hujui. Nenda kwenye safu."

Watu wakaangua kicheko. Romilda akashusha mguu. Pasqua aliniambia kwamba mara ile ya kwanza vyombo vya udongo vilitikisika kwenye rafu, na kwamba wimbo wa tatu ulipoanza hakuna aliyekumbuka tena kwamba aliyeketi pale ni msichana. Mikel alicheza mpaka shati likamganda mgongoni.

Askari walifika jua lingali juu. Duri, ambaye mikono yake ilikuwa na wepesi ambao miguu haikuwa nao, aliitumbukiza citira kwenye sanduku la unga. Bunkula haina pa kujificha. Waliichukua wakiwa wameishika shingo kama bata, na kabla ya jioni mama aliyefagia ofisi alikuja analia: wameivunja kwa goti na kuitia kwenye jiko la chuma la Bwana Bressan, na ofisi nzima inanuka gundi ya kale.

Romilda hakulia. Alikula ugali wake wa mahindi, akaosha sufuria. Kesho yake asubuhi alichukua kigoda, akaenda nacho hadi uwanja ulio mbele ya ofisi, akakiweka juu ya theluji iliyokanyagwa ikawa ngumu, akaketi. Mikono aliikunja kifuani. Kisha akaanza kukanyaga. Du, du-du. Du, du-du.

Pasqua alikuwa wa kwanza kutoka nje. Akasimama upande wa wanawake. Mikel akaja akasimama mbele yake. Wakaja wengine, mmoja mmoja, wengine wameshika mifagio, wengine wana unga mikononi. Hakuna aliyeimba neno. Walivuma tu wimbo midomo ikiwa imefungwa, kama nyuki ndani ya mzinga. Mguu wa Romilda ulipobadilika kuwa mzito, safu zikapishana.

Bwana Bressan akatoka ngazini.

"Wewe msichana! Unafanya nini hapo?"

"Miguu imeganda, bwana mkubwa. Naikanyagisha ipate joto."

"Na hawa?"

"Nao wanaona baridi."

"Nimepiga marufuku vyombo!"

"Vyombo umevichoma, bwana mkubwa. Huu ni mguu. Nimezaliwa nao."

Watu hawakucheka, maana wangecheka wangepoteza mdundo. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Akaamuru akamatwe. Askari wawili walimwinua Romilda kwa makwapa, na Duri alipoona kigoda kimebaki kitupu, akachechemea mpaka pale, akakikalia, akaendelea kwa mguu wake mzima. Naye wakamchukua. Pasqua akakaa. Askari wakachoka kabla ya wanawake kwisha.

Ofisini Bwana Bressan alijaribu upole.

"Sikiliza, binti. Niahidi mbele ya hawa askari kwamba hutapiga tena, na mimi nitasahau yote."

"Nikiahidi nitakuwa nimesema uongo, na padri amekataza uongo."

"Basi baba yako naye hatanoa tena. Leseni yake nimeifuta leo."

Hapo ndipo Romilda alipoumia. Pigo lako mwenyewe unaweza kulipokea, lakini kumtoa mzee mkate mdomoni kwa sababu yako ni jambo lingine. Walipomwachia alikwenda nyumbani kwa kuburuta miguu. Alimkuta baba yake ameketi karibu na moto. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Bunkula ile ilikuwa ya babu yangu," Valantin alisema.

"Najua, baba. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Kwani ni wewe uliyeichoma?" Alikohoa, akafuta midomo. "Nilipita dirishani kwa Pasqua jana. Sikuingia, lakini nilisikia. Mguu wako unakimbia kidogo kwenye kona, safu zinapopishana. Kidogo tu." Kisha akanyoosha kidole pembeni. "Leseni wamechukua. Jiwe wamelisahau."

Theluji ilipoyeyuka, Romilda akajitwika jiwe. Valantin alimtajia njia za wachuuzi wa magendo ambazo walinzi wa mpaka hawazipendi kwa kuwa zinapanda sana, na akamtajia jina moja: Jakob Wieser, mkulima wa bonde la Gail huko Karintia. "Ana besi ya nyuzi tatu, imetundikwa ukutani tangu kaka yake afe. Mwambie Valantin wa visu amekutuma."

Mwanamke mnoa visu hakuwa ameonekana kule. Katika kijiji cha kwanza cha Waslovenia wake za watu walimzunguka wakicheka.

"Tazameni! Mume kalala, kamtuma mke!"

"Sina mume, dada zangu. Nina jiwe. Leteni visu."

Mmoja, mpana kama mlango wa ghala, akaleta kisu, shoka na mundu kwa pamoja. "Noa vyote. Miaka yote nimengoja mnoa visu atakayetazama kisu badala ya kunitazama kifua." Wengine wakakimbia majumbani kuleta vyao. Jioni Romilda alilala kwenye nyasi kavu, ameshiba, mabega yanawaka moto, na kichwani ana wimbo mpya aliousikia kwa mwanamke aliyekuwa akimbembeleza mtoto. Wimbo ule aliujua. Baba yake aliupiga kila mwaka, kwa kasi tu zaidi.

Alifika kwa Jakob Wieser wakati wa kukata nyasi. Huyo Jakob ni babu yangu mzaa baba, kwa kuwa mimi nilikuja Rezija kwa ndoa, na ndiyo maana siku ile naijua kwa pande zote mbili. Babu alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo laini, akificha kimoja kwa kingine.

"Binti wa Valantin?" alinguruma. "Yule mwizi?"

Romilda akatua jiwe. "Mwizi wa nini, mzee?"

"Wa wimbo! Alilala kwenye ghala langu kiangazi kizima, akala jibini yangu, akaondoka na wimbo wa harusi wa bonde hili. Nasikia huko kwenu mnasema ni wenu."

"Ni wetu. Baba yangu ndiye aliyekuja nao hapa, nanyi mkaupunguza kasi kwa sababu mmeshiba sana."

Babu akawa mwekundu kama figili. Akaitoa besi ukutani, akapuliza vumbi, akamsukumia. "Thibitisha!" Yeye akaketi kwenye kinanda chake cha kugonga, lile sanduku la nyuzi nyingi linalopigwa kwa vijiti viwili vya mti. Romilda akapiga kwa mwendo wa kwetu, wa kukanyaga na kwenda mbele. Babu akapiga kwa mwendo wa kwao, wa kuzunguka na kuyumba. Kila mmoja alikuwa akimvuta mwenziwe. Wakaanza tena. Mara ya tatu Romilda akamfuata mzee mpaka katikati ya wimbo, halafu taratibu akamgeuza kwa mguu, na Babu akajikuta anapiga mwendo wa Rezija kwa vijiti vyake bila kujua alivukaje.

Bibi yangu Notburga, aliyekuwa akisonga ugali, akasema bila kugeuka: "Mnauvuta huo wimbo kama ng'ombe wa urithi. Kuleni kwanza, unapoa."

Jumapili kulikuwa na arusi kijijini, na Babu akamlazimisha apige. Palikuwa na kinanda cha kugonga, kodiani, na Romilda na besi. Watu wakaanza kucheza wawili wawili, mwanamume amemshika mwanamke kiunoni, wanazunguka kama pia. Romilda, yule asiyemwogopa Bwana Bressan, aliona haya mpaka upinde ukateleza.

"Wanashikana," alimnong'oneza Bibi. "Mchana kweupe! Na mama zao wanatazama!"

"Na nyinyi kwenu?"

"Sisi hatugusani kabisa. Tunatazamana tu."

Bibi akafikiri. "Machoni? Muda wote wa wimbo?" Akatikisa kichwa. "Huo ndio uchafu, mwanangu."

Romilda alicheka mpaka ikabidi aache kupiga. Siku ya kuondoka, Babu alimpa besi. Alikataa kusikia shukrani. "Ukutani inasikiliza tu," alisema. "Lakini wimbo ni wetu, mwambie hivyo huyo mwizi."

Besi ilirudi Rezija ndani ya tenga kubwa la nyasi, mgongoni mwa Romilda. Walinzi wa mpaka waliokuwa wakila chini ya mti waliona mzigo wa nyasi una miguu unashuka mlima, kama mizigo yote ya nyasi ya wanawake wa kwetu, wakaendelea kula. Duri aliikata daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, akazikaza nyuzi zipande sauti, na ikawa bunkula. Haikulala nyumba moja kwa muda mrefu. Askari wakipekua kwa Pasqua, iko kwa Mikel. Wakifika kwa Mikel, imekwishatoka kwa mlango wa nyuma ndani ya tenga la mtu.

Pust nyingine ikaja. Bwana Bressan aliruhusu jambo moja tu: Jumatano ya Majivu tumchome babac, yule mtu wa majani anayebebeshwa dhambi za mwaka, akahukumiwa na kuteketezwa uwanjani. Aliona ni mchezo wa wakulima, hauna madhara.

Wanawake walimshona babac wakiwa wamejifungia. Alipotolewa nje kwenye kiti, watu wote walisogea karibu wamtazame. Alikuwa mnene kidogo tumboni, amekaa wima kama mtu anayepigwa picha. Mikononi alivaa glavu za kijivu. Kwenye kiganja kimoja ameshika karanga ya kuchoma, imemenywa nusu.

Mikel, aliyefanywa hakimu, akasoma mashtaka: ameiba vijana, amekata ndimi, amechoma mbao zisizo kuni. Bwana Bressan alisimama ngazini na askari wake, na rangi ilimpanda kutoka kwenye kola hadi masikioni.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Romilda alikuwa ameshaketi, bunkula mbele yake, mchana kweupe, mbele ya ofisi iliyoichoma ile ya kwanza.

"Ni mtu wa majani, bwana mkubwa," akajibu kwa adabu zote. "Kwani unamfahamu?"

Akisema namfahamu, amejitaja. Akisema simfahamu, basi wachome tu. Askari wake walikuwa wakitazama viatu vyao. Halafu kila mtu aliona: Bwana Bressan alivua glavu, moja baada ya nyingine, akazitia mfukoni, na mikono yake ikabaki nje kwenye baridi, myeupe kama mizizi. Romilda akashusha mguu, Duri akavuta upinde, na babac akawaka moto huku safu mbili zikipishana mbele yake. Bwana Bressan aliingia ndani kabla moto haujafika kwenye glavu.

Hakusahau. Alingoja, na nafasi haikuchelewa. Majira ya kuchipua, kifua cha Valantin kilishindwa. Siku zake za mwisho alimtaka Romilda apige kando ya kitanda, naye akimrekebisha kwa kidole: pole, sasa kaza, hapo, hapo. Alikufa alasiri moja, dirisha likiwa wazi.

Amri ikaja kabla jeneza halijafungwa: kaburini hakuna sala wala wimbo kwa lugha ya wenyeji. Padri akasoma Kilatini, akafunga kitabu, akarudi nyuma hatua chache. Romilda akaitoa bunkula kwenye tenga, akaketi juu ya jiwe la kaburi la mama yake, akaupiga ule wimbo ambao watu wa mabonde mawili wanaugombania. Aliupiga polepole kabisa, kwa mwendo wa Karintia, maana mwendo wetu usingefaa kumshusha mtu. Haukuwa na neno hata moja la kukataza. Watu walisimama katika safu zao bila kuambiwa, wanaume huku, wanawake kule, kaburi katikati.

Askari aliyetumwa kusimamia alimwacha mpaka mwisho. Kisha akamwambia taratibu, "Binti, itabidi twende." Romilda akampa Pasqua upinde, akaenda.

Walimweka gerezani huko tambarare hadi kitunguu saumu kilipokwisha kuvunwa. Hakupenda kulizungumzia. Alisema tu kwamba kulikuwa na unyevu, na kwamba aliulizwa mara nyingi nani alimshona babac, na kila mara alijibu kwamba majani huota yenyewe. Alirudi amekonda, amerithi kikohozi cha baba yake, jino la mbele halipo. Bunkula ilikuwa salama. Padri aliificha ndani ya kabati la majoho, akitubu na kuficha kwa pamoja.

Duri alimngojea kituo cha basi na jozi ya viatu vipya alivyovishona kwa kukisia.

"Vinabana," Romilda alisema.

"Nitavitanua. Na mimi... nilikuwa nafikiri... nyumba yangu ni ndogo, lakini sakafu ni nzuri, ya mbao nene."

"Unaniposa mimi au unaiposa bunkula?"

"Sijui kuzitenganisha."

"Jibu zuri," akasema, akavaa viatu vile vinavyobana, wakapanda kijijini pamoja, mmoja anachechemea kwa ulemavu na mwingine kwa viatu.

Bwana Bressan alihamishwa. Vita vikubwa vikaja, vikachoma mengi kuliko alivyochoma yeye, vikapita. Mashati meusi yaligeuzwa matambara ya kusafishia masufuria. Mimi nilifika baadaye, bi arusi kutoka Karintia, nimeolewa na mwana wao Silvo, aliyekuwa akija kwetu kunoa visu na kukaa zaidi ya visu vilivyohitaji. Siku ya kwanza mama mkwe aliniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ni mjukuu wa Jakob? Basi uketi, tuyamalize. Wimbo ni wa nani?"

"Ni wetu, mama," nikasema.

"Vizuri. Mke asiye na ubishi atachoka mapema nyumba hii." Akanikatia kipande kikubwa cha jibini.

Tulibishana tangu siku hiyo. Alimfundisha binti yangu Nives bunkula tangu miguu yake haijafika sakafuni. Duri alipofariki hakupiga mwaka mzima, kisha akaanza tena, kwa sababu, alisema, Duri angemdharau.

Mwaka wa tetemeko la ardhi nyumba yetu ilianguka pamoja na nyingi za Zarob. Serikali ikaleta mabasi kutupeleka kwenye hoteli za baharini hadi nyumba zijengwe. Afisa mmoja kijana alimbembeleza kwa heshima: "Bibi, huku kuna hatari. Kule kuna vitanda, kuna joto, utaona bahari."

"Bahari imenikosa miaka yote, haijalalamika," alisema. "Ng'ombe utamkamua wewe?" Tukabaki naye, mimi, Silvo na Nives, kwenye hema halafu kwenye kibanda cha mbao, baridi mbili, na waliobaki walikuwa wengi kuliko serikali ilivyotaka.

Nyumba zilipokwisha kusimama, siku ya sikukuu ya Mama Maria mwezi wa nane, watu waliorudi kutoka pwani na wageni kutoka kwa Waslovenia na kutoka kwetu Karintia walijaa uwanja. Nives alikuwa ameketi na bunkula, na binti wa fundi mwashi na citira. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi kando yangu. Kwenye wimbo wa pili aliniegemea, akajiinua.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kucheza."

Hapo ndipo nilipotambua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Maisha yake yote watu walicheza mbele yake. Yeye alikuwa akipiga. Sikuwahi kumwona ndani ya safu.

"Nyonga yako, mama! Daktari amekataza."

"Daktari anakaa Udine."

Akaingia kwenye safu ya wanawake. Hakujua pa kuweka mikono. Akaiweka nyuma ya mgongo, kisha kiunoni, kisha akaiacha ining'inie. Mbele yake alisimama mzee mmoja wa Kislovenia asiyemjua, na wakatazamana. Bunkula ikashuka, naye akavuka upande wa pili, mzito, ameinua kidevu, akachelewa kidogo kwenye kona. Akacheza wimbo ule, na uliofuata, na uliofuata huo. Nives alipoacha ili akaze uzi, mama mkwe alisimama katikati ya uwanja akihema, akamfokea:

"Mbona umeacha? Nani amekwambia tumechoka?"

Nives akapiga tena. Mama mkwe alipotosheka, alirudi kwenye benchi, akavua viatu, akaomba ugali na jibini, na kwa mdomo uliojaa akasema kwamba mwakani atakuja mapema, apate nafasi ya mbele kwenye safu.